Mrejesho: yule mtoto wa vipele, Tandahimba

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu mtoto wa miaka miwili aliyeletwa zahanati kwetu ana homa, mafua, macho mekundu na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio. Majibu ya damu yametoka: surua.

Kosa letu lilikuwa benchi. Alikaa pale karibu saa nzima, tena siku ya kliniki, kina mama wananyonyesha kushoto na kulia. Kirusi hiki huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, kwa hiyo hata waliokuja nyuma yake tuliwaandika. Tukapekua rejesta na kadi. Wa miezi 9 kwenda juu wasio na chanjo wakachomwa ndani ya saa 72. Wachanga zaidi tunawafuatilia majumbani.

Mtoto alipewa vitamini A yuniti 200,000, kesho yake tena. Bibi yake alishikilia asiogeshwe mpaka vipele vikauke. Sikubishana, mimi nilitaka anywe maji tu. Sasa anacheza.

Siku hizi wenye homa na vipele wanasubiri nje, chini ya mkorosho. Mzee mmoja kaniuliza wamekosa nini.