Mapatano ya mishahara isiyolipwa: jaji ayakague au tumalizane wenyewe?

Wadau, hili naomba tulijadili. Hapa jimbo la Georgia, Marekani, ukimshtaki mwajiri kwa saa za ziada ambazo hakulipa, chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, kwa kawaida hamwezi kumalizana kimya kimya. Jaji husoma mapatano yenu kwanza na kuridhika kuwa ni ya haki, au Wizara ya Kazi isimamie malipo. Kaka mmoja tunayepakia naye mizigo zamu ya usiku amekasirika: "Sisi watu wazima, tumeelewana na bosi, hela ipo. Jaji anaingiaje?" Hii ni wiki ya tano anasubiri, na kodi ya nyumba imeshafika.

Uchungu wake naujua. Lakini kumbukeni kesi ya kampuni ya Lynn's Food ya mwaka 1982. Wizara ilishakagua na kukuta wafanyakazi wanadai. Kampuni ikawafuata wenyewe, bila wakili upande wao. Watu 14 wakasaini kuachia madai yao kwa dola 1,000, za kugawana wote! Kwa hesabu za Wizara, walistahili zaidi ya dola 10,000. Baadhi yao Kiingereza hawakukijua, na walionekana hata hawana habari kwamba Wizara imeshasema wanadai. Mahakama ya rufaa iliyakataa mapatano hayo, na ilifanya vyema.

Wanaopinga hutaja Texas. Mwaka 2012, mahakama ya rufaa ambayo maamuzi yake yanafuatwa huko ilikubali mapatano ya faragha pale pande mbili zinapobishana kweli kuhusu idadi ya saa. Hoja hiyo naiheshimu, hasa kama kila upande una wakili. Ila daftari la saa anakaa nalo bosi. Akisema kuna ubishi, mfanyakazi atampinga kwa karatasi gani?

Tena kaka huyu alinionyesha mapatano yake kwenye simu. Ukurasa wa tatu unamkataza kumwambia mtu yeyote kiasi atakacholipwa. Zamu yetu tuko sita, tunadai saa zile zile. Kifungu kama hicho majaji wengi hukifuta, na sisi watano tunaobaki tunamhitaji jaji huyo kuliko hata yeye.

Ninachotaka kibadilike ni muda: jaji awekewe siku 14 za kuamua, mtu asilale njaa akisubiri mhuri.

Aliyewahi kumalizana bila jaji, atuambie: ulidai ngapi, ukapata ngapi?