Wenye mialo ya kuoshea dhahabu wanatunywesha tope na zebaki, sisi tunaambiwa "chemsheni maji"

Wakuu, nimeandika huku nina hasira, mtanivumilia. Mods msiuunganishe uzi huu na zile za bei ya dhahabu.

Nimerudi jana kutoka nyumbani, mkoa wa Geita. Kijiji sikitaji, bi mkubwa bado anaishi huko. Asubuhi ya kwanza nikawekewa maji ya kuoga, nikadhani ni ndoo ya fundi aliyekuwa anachanganya saruji. Bi mkubwa akanicheka: "Hayo ndiyo yametulia mwanangu, yamelala na shabu tangu jana." Nikayamimina taratibu hadi chini. Tope la kijivu, laini kama sembe, vidole viwili. Udongo wa kwetu ni mwekundu! Kijivu hicho ni mawe yaliyotoka kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Na kijito hicho ndicho tulichokuwa tukikinga kwa viganja tukitoka kuchunga.

Nikapanda juu kuangalia. Mialo sita, na wa karibu zaidi hata hatua ishirini kutoka ukingoni hazifiki. Unga wa mawe unapitishwa kwenye ubao uliotandikwa magunia, yaliyoshikwa na magunia yanaoshewa kwenye beseni pamoja na zebaki inayonasa dhahabu, mikono mitupu. Wanakamua kwenye kitambaa, donge linachomwa juu ya jiko la mkaa. Ili upate gramu moja ya dhahabu unaingiza kama gramu moja hadi mbili za zebaki. Inayochomwa inapaa na kurudi na mvua. Maji ya beseni nimeona kwa macho yangu yanamwagwa kwenye mfereji unaoingia kijitoni. Dogo aliyeyamwaga akanisalimia vizuri tu, "shikamoo kaka".

Sasa hasira yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ukingo ndani ya mita 60. Tunaijua kwa sababu bustani ya mchicha ya shangazi yangu ilifyekwa kwa mita hizohizo 60. Mchicha! Mialo sita haionekani ila matuta manne ya mchicha yanaonekana.

Watu wakalalamika, wakaja wataalamu na chupa zao. Wakachota saa tatu asubuhi, siku ambayo karasha zote zilikuwa zimezimwa tangu usiku. Nani aliwatonya wenye mialo, mjaze wenyewe. Majibu tuliyopewa: maji yana tope, wananchi wachemshe.

Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Zebaki haina uhai wa kuuawa. Ikituama kwenye tope la chini, bakteria wanaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, inaingia kwa wadudu, kwa samaki wadogo, mpaka kwa kambare tunayemla na ugali. Kwa mjamzito inafika kwenye ubongo wa mtoto. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki wenye jina hilo Tanzania tuliuridhia 2020. Ukitaka kuona utekelezaji wake, nenda dukani kwetu. Zebaki inapimwa kwa kifuniko cha soda, pembeni ya mafuta ya kula.

Na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yakishatoka mwaloni yananunuliwa kwenda kulowekwa kwenye sayanaidi, sumu ya kutolea dhahabu iliyobaki, zebaki ikiwa bado imo ndani. Hiyo nitaifungulia uzi wake.

Msije na ile ya "unawachukia wachimbaji wadogo". Ada yangu ya chuo ilitoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kwenye mgongo wa kaka yangu, na maji hayohayo wanakunywa wanawe. Namsema mwenye mwalo, anayekaa mjini na kunywa maji ya chupa. Kuusogeza mwalo na kuchimba bwawa la kutuamisha tope kunamshinda nini? Retoti ni chungu chenye mfuniko na bomba, mvuke wa zebaki unapoa unarudi kuwa zebaki, unaitumia tena. Hata ubahili tu ungetosha kumshawishi!

Ninachoomba: kuna mdau aliyewahi kupeleka maji kupima zebaki kwa hela yake mwenyewe? Alichota kwa chupa gani, akalipa shilingi ngapi? Ijumaa narudi, na safari hii nitachota saa nane usiku, karasha zikiwa zinanguruma.