Wafuasi wanaongezeka LinkedIn lakini wateja hawaonekani: nifanye nini?

Mkaguzi wa Ndani ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu. Ninajiandaa kuacha ajira na kuanza kazi ya ushauri inayojitegemea, hasa kwa kampuni ndogo na za kati ambazo hazina idara ya ukaguzi. Wenzangu wamenishauri kwamba mahali pa kujijengea jina kwa kazi ya namna hii ni LinkedIn, na ninakubali kwamba hoja yao ina uzito: mtandao huo ulioanza kutumika Mei 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016 sasa una wanachama zaidi ya bilioni 1, na wengi wao wameandika wazi vyeo vyao na mahali wanapofanya kazi, jambo ambalo ni vigumu kulipata kwingine.

Nimekuwa nikichapisha makala fupi kuhusu udhibiti wa ndani (taratibu za kampuni za kuzuia makosa na wizi), viwango vya ukaguzi na usimamizi wa vihatarishi. Wafuasi wanaongezeka polepole, lakini nikiangalia wanaotoa maoni naona wakaguzi wenzangu tu, ambao hunipongeza kwa neno moja au mawili kisha wakaendelea na shughuli zao. Wamiliki wa kampuni na wakurugenzi, ambao ndio ninaowatafuta, hawaonekani kabisa.

Naomba ushauri kwa mambo haya. Je, niongeze idadi ya machapisho? Je, nitume mialiko ya kuunganishwa kwa wingi? Je, nifungue ukurasa wa kampuni, au niendelee na wasifu wangu binafsi? Aidha, kuna mtu ameniahidi kuniingiza katika kikundi ambacho wanachama wake hupeana laiki na maoni mara tu mmoja wao anapochapisha, nami sijaamua kama nijiunge.

Natanguliza shukrani.

Mhariri wa Maudhui amejibu:

Ndugu Mkaguzi, kabla ya kugusa idadi ya machapisho, tazama kwanza unamwandikia nani. Ukiandika kuhusu viwango vya ukaguzi, watakaosoma ni wale wanaovijua viwango hivyo, na hao ni wakaguzi. Mmiliki wa kampuni haamki asubuhi akiwazia udhibiti wa ndani. Anawazia fedha zinazopungua bila maelezo, mhasibu mmoja anayeshika kila kitu peke yake na hataki kwenda likizo, au mtoa huduma ambaye bei zake hupanda kila anapopewa kazi mpya. Maudhui ni yaleyale unayoyajua wewe, ila mlango wa kuingilia ni mwingine.

Nieleze kwa mfano. Chapisho linaloanza kwa maneno "Umuhimu wa udhibiti wa ndani katika malipo ya taasisi" halina kosa lolote, lakini mkurugenzi atalipita. Sasa linganisha na mwanzo huu: "Ankara tatu za mtoa huduma mmoja, tarehe moja, kila moja ikiwa chini kidogo ya kiwango ambacho meneja anaruhusiwa kuidhinisha peke yake. Kabla hujalipa, uliza kwa nini haikuandikwa ankara moja." Mwenye kampuni akisoma hapo atasimama, kwa sababu huenda jana tu ameona ankara za namna hiyo mezani kwake. Baada ya hapo ndipo umweleze kwamba kuigawa ankara ni mbinu ya kukwepa idhini ya ngazi ya juu, na namna ya kuigundua kwa kupanga malipo ya mwezi kwa jina la mtoa huduma, kisha kwa tarehe.

Mistari hiyo ya kwanza ina kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya chapisho. LinkedIn inaruhusu chapisho la hadi herufi 3,000, lakini msomaji huonyeshwa mistari michache tu ya mwanzo, na yaliyobaki hufichwa mpaka abonyeze ili kuona zaidi. Salamu ndefu, au sentensi ya kutangaza kwamba leo utazungumzia jambo fulani, inakula nafasi yote uliyopewa. Tena, tangu mwaka 2020 wahandisi wa mtandao huo walieleza hadharani kwamba muda ambao mtu anautumia kwenye chapisho ni mojawapo ya vigezo vya kuamua lionyeshwe kwa wengine kwa kiasi gani. Kwa hiyo chapisho ambalo watu wamelisoma hadi mwisho bila kutoa laiki halijapotea bure, na kwa watu wa ngazi ya ukurugenzi hivyo ndivyo mara nyingi inavyokuwa: wanasoma kimya, hasa jambo linalogusa udhaifu wa kampuni zao.

Nenda pia kwenye kichwa cha wasifu wako, yaani ule mstari unaokaa chini ya jina. Una nafasi ya herufi 220, na huambatana na jina lako kila unapochapisha au kutoa maoni, ingawa kwenye simu huonekana sehemu ya mwanzo tu. Watu wengi huacha pale cheo walichopewa na mwajiri. "Mkaguzi Mwandamizi wa Ndani" inamweleza mkaguzi mwenzako daraja lako, lakini haimwelezi mwenye kampuni utamsaidia nini. Jaribu kitu kama "Ninasaidia kampuni zisizo na idara ya ukaguzi kuziba mianya ya malipo na manunuzi", halafu vyeti vyako vifuate nyuma.

Kuhusu kuongeza idadi, jibu langu ni hapana. Chapisho moja kwa wiki lenye jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi siku hiyohiyo linatosha.

Afisa Mauzo Mstaafu amejibu:

Naungana na Mhariri kwa mengi, isipokuwa hapo mwisho. Chapisho moja kwa wiki linatosha kwa mtu ambaye tayari ana wasomaji. Kwa asiye nao, hata chapisho zuri huanza kwa kuonyeshwa kwa watu walewale wanaomfuata, nao kwa upande wako ni wakaguzi. Unapaswa kutoka ukawafuate wateja waliko, na njia ya kufanya hivyo ni kutoa maoni kwenye machapisho yao. Kwa maoni yangu, mtu anayeanza angetumia muda mwingi zaidi kuandika chini ya machapisho ya wengine kuliko kuandika ya kwake.

Lakini yawe maoni yenye kitu ndani. "Asante kwa kutuelimisha" ni adabu njema, ila hakuna atakayebonyeza jina lako kwa sababu hiyo. Tuseme mmiliki wa kampuni ya usafirishaji ameandika kwamba gharama za mafuta zimepanda ilhali idadi ya safari haijabadilika, na chini yake watu kadhaa wanalalamikia bei ya mafuta. Wewe unaandika: "Kabla ya kuilaumu bei, chukua risiti za mwezi uliopita, ulinganishe lita zilizoandikwa na ujazo wa tangi la gari husika. Risiti yenye lita nyingi kuliko tangi linavyoweza kubeba inajieleza yenyewe. Kisha tazama magari yaliyojazwa mafuta siku ambazo hayakutoka." Maneno hayo yanaingia kwa urahisi katika kikomo cha herufi 1,250 za maoni, na yatasomwa na mwenye chapisho pamoja na wamiliki wengine wote wa malori waliokusanyika pale. Huo ndio umati unaoutafuta, umekusanywa tayari na mtu mwingine, bure.

Mwaliko wa kuunganishwa uufuatishe baada ya hapo, siyo kabla. Mtu aliyekwisha kukujibu mara moja atakukubali bila kujiuliza, na akikubali ninyi wawili mnakuwa mnafuatana moja kwa moja. Kutuma mialiko kwa wingi kwa watu wasiokujua kuna hatari zake: anayeupuuza mwaliko anaweza kuueleza mtandao kwamba hakujui, na majibu ya namna hiyo yakizidi akaunti yako inaweza kuwekewa vizuizi. Ukiona umekosea, ukauondoa mwaliko, huwezi kumtumia mtu huyo mwingine kwa muda wa hadi wiki 3. Na usimtumie mtu bei zako siku ileile aliyokubali mwaliko. Hakuna kinachochosha kama hicho.

Msimamizi wa Kurasa amejibu:

Nitagusa mawili tu ambayo hayajajibiwa.

Kikundi cha kupeana laiki: usijiunge. Sera za LinkedIn zinakataza kuongeza mwitikio kwa njia za kughushi, na makubaliano ya watumiaji yanakataza programu za kutuma mialiko, ujumbe au maoni zenyewe. Ukiacha hata suala la kanuni, fikiria utakachokipata. Wanachama wa kikundi hicho watakuwa wauzaji wa bima, wakufunzi na wabunifu wa tovuti wanaopongezana bila kusoma, na mfumo, ukiwaona wao ndio wanaoitikia, utaendelea kulipeleka chapisho lako kwa watu wanaofanana nao. Tatizo lako la sasa ni hilohilo, nawe utakuwa umelikuza. Nami naona kwamba mkaguzi wa hesabu, ambaye kazi yake ni kufichua takwimu zilizopambwa, hapendezi kukutwa akiwa na zake.

Ukurasa wa kampuni: ufungue kwa ajili ya kumbukumbu na uhakiki, ili mteja akitafuta jina la kampuni yako alikute, lakini nguvu zako zielekeze kwenye wasifu binafsi. Kampuni ya ushauri ya mtu mmoja huajiriwa kwa sababu ya mtu huyo. Wasifu una kikomo cha watu 30,000 uliounganishwa nao, ila wafuasi hawana kikomo, na katika mipangilio unaweza kuchagua kitufe cha kufuata kitangulie kile cha kuunganishwa. Ushauri wa zamani unaokutaka uwashe "hali ya mbunifu" (creator mode) upuuze, kwa sababu mpangilio huo ulioletwa mwaka 2021 uliondolewa mwaka 2024.

Mhasibu Mshauri amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu naona mnawatupa wakaguzi wenzake kana kwamba ni mzigo. Katika taaluma yetu kazi nyingi huja kwa kuelekezwa. Kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu zinaweka mipaka mikali kwa mkaguzi wa nje, yaani yule anayetoka nje ya kampuni kuthibitisha hesabu zake, anayetaka kumfanyia mteja wake yuleyule kazi ya ukaguzi wa ndani, kwa kuwa atakuja kujikagua mwenyewe. Mteja anapomwomba mkaguzi wake wa nje huduma hiyo, mara nyingi mkaguzi hana budi kumtajia mtu mwingine. Huyo mtu mwingine anaweza kuwa wewe, mradi mkaguzi huyo amekuwa akisoma unachoandika na anajua hutamwaibisha.

Kwa hiyo usiache kabisa maandishi ya kitaalamu, ila yaandike kwa namna ambayo wote wawili watapata chao. Chukua kwa mfano Kanuni ya Benford, inayosema kwamba katika takwimu nyingi zinazotokana na shughuli za kawaida, tarakimu 1 hutangulia kwa takriban asilimia 30 ya namba zote, wakati 9 hutangulia kwa chini ya asilimia 5. Mwenye kampuni atashangaa kusikia kwamba orodha ya malipo inaweza kutiliwa shaka kwa tarakimu za mwanzo tu. Mkaguzi mwenzako atasubiri kuona kama utataja kwamba kanuni hiyo haifai kwa namba zilizowekewa kiwango, kama vile posho ambayo kila mtu hulipwa kiasi kilekile. Ukiitaja tahadhari hiyo, umemfundisha wa kwanza na umeaminiwa na wa pili.

Mkaguzi wa Ndani ameandika:

Nawashukuru nyote, hasa kwa mfano wa risiti za mafuta na kwa hoja ya wakaguzi wa nje, ambayo sikuwa nimeifikiria upande huo. Limebaki jambo moja linalonitatiza. Mifano hai ndiyo inayovuta wasomaji, lakini mifano yangu yote nimeipata kazini, nami nimefungwa na wajibu wa kutunza siri. Hata nikiacha kutaja jina, wasifu wangu unaonyesha nilikofanya kazi, na mtu yeyote anaweza kukisia. Mnalikwepaje hilo?

Mhasibu Mshauri amejibu:

Swali zuri, na wengi hulikwepa vibaya kwa kuandika "kampuni moja ninayoifahamu", jambo ambalo kwa mtu mwenye mwajiri mmoja tu kwenye wasifu wake ni sawa na kutaja jina. Mimi siandiki kisa kabisa, ninaandika kipimo. Badala ya kusimulia kwamba mahali fulani walikuta mtoa huduma hewa, ninaeleza hatua: panga orodha ya watoa huduma kwa namba ya akaunti ya benki, ilinganishe na orodha ya akaunti za mishahara, kisha chunguza kila namba inayojitokeza pande zote mbili. Hapo hakuna siri ya mtu, kwani hatua hiyo inajulikana kwa kila mkaguzi, na bado msomaji anapata kitu cha kufanya. Ukitaka kisa, kuna hukumu za mahakama na ripoti za ukaguzi wa umma zilizokwisha kuchapishwa, ambazo unaweza kuzijadili kwa majina yake.

Mhariri wa Maudhui amejibu:

Nakubaliana na Mhasibu, na ninaongeza hili la kufuatilia. Takwimu za kila chapisho hukuonyesha waliolisoma wana vyeo gani, wako katika sekta zipi na kampuni zao zina ukubwa gani, bila kukutajia majina, mradi wasomaji wawe wengi kiasi. Jumla ya waliolitazama iache kwanza, anza na vyeo. Chapisho lililosomwa na watu wachache, lakini wakurugenzi na waanzilishi wa kampuni wakawa juu kwenye orodha, limefanya kazi kuliko lile lililoenea kwa wakaguzi wote unaowajua, na mada yake ndiyo ya kuirudia wiki inayofuata kwa kipimo kingine.