MREJESHO: Bima ya SHA kwa muuza viazi karai

Wadau, mwezi uliopita niliuliza: mimi nauza viazi karai Kongowea, sina mwajiri, nitaiwekaje familia kwenye bima ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, hapa Kenya), na mama yangu naye aingie?

Nilijisajili kwa *147#. Yakaja maswali ya kukadiria uwezo wangu: ukuta ni wa nini, paa la nini, choo cha aina gani, unapikia nini. Nilipofika kwenye jiko la makaa nikacheka peke yangu, kumbe karai langu nalo lina ushahidi wake. Nikapangiwa shilingi 520 kwa mwezi. Kima cha chini ni 300, lakini sikubishana.

Kilichonichoma ni kwamba asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo: 6,240! Aliyenitajia Lipa SHA Pole Pole, Mungu akuzidishie. Mkopo unalipia mwaka mzima, nami narudisha kidogo kidogo kila nikifunga biashara.

Kwa mama nilikosea. Kaya ni mimi, mume na watoto. Mzazi hajisajili kupitia kwangu. Nimemsajili kwa kitambulisho chake, akapangiwa 300, na hiyo 3,600 nimeitoa kwenye chama chetu cha akiba.

Juzi mtoto wangu mdogo alishikwa na homa, nikampeleka zahanati. Mhudumu akaniambia nilete pesa taslimu. Nikamjibu kwa upole: zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3, aliyesajiliwa hutibiwa bure hata kama hajachangia. Akanyamaza, akaomba kitambulisho. Tulitoka na dawa.