Chaja ya HP kwenye laptopu ya Dell: volti ni zilezile, naweza kutumia?

pangaboi_mbovu: Habari zenu wakuu. Laptopu ni Dell Inspiron, chaja yake imekufa. Mgongoni ilikuwa imeandikwa 19.5V 3.34A. Hapa nyumbani kuna ya HP, 19.5V 3.33A, kichwa cha bluu, na kinaingia bila kulazimisha. Kuna pia ile ya kubadilisha vichwa, yenye swichi ya kutoka volti 12 hadi 24. Ipi haitaniunguzia mashine?

Waya Mwekundu: Soma mstari wa OUTPUT, achana na INPUT. Volti zilingane, 19 kwa 19.5 hazina ugomvi. Ampea ziwe sawa au zaidi, kwa sababu laptopu huvuta inachohitaji tu. Hata chaja ya ampea 4.62 haiwezi kuisukumia umeme kwa nguvu. Balaa liko kwenye ampea pungufu: chaja inachemka, volti zinashuka, inajizima na kuwaka yenyewe.
Angalia pia mchoro wa vijiduara karibu na OUTPUT. Chanya iwe ndani, hasi nje. Hiyo 0.01 unayoiona wewe si kitu.

fundi_wa_usiku: Yote sawa, ila mkuu, kwa Dell hesabu ya volti haitoshi. Chungulia ndani ya kichwa, utaona kasindano katikati. Hako hakapitishi umeme wa kuendeshea mashine, kanapeleka taarifa: "mimi ni chaja ya Dell ya wati 65." HP nao wana sindano yao, lakini lugha ni nyingine. Ndiyo maana kichwa kinaingia vizuri, laptopu inawaka, halafu betri haipandi na mashine inakuwa nzito kama imebeba mawe. Imejipunguzia kasi kwa makusudi.
Kuhakikisha: izime, iwashe huku unagonga F2, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine) utafute sehemu ya aina ya adapta, yaani chaja. Ikiandika 65W, imetambuliwa.
Ukitaka kupima kwa mita ya umeme, iweke kwenye DC 200 (volti za umeme wa moja kwa moja, hadi 200), nyekundu ukuta wa ndani, nyeusi ukuta wa nje. Ncha ya mita isiguse sindano na ukuta wa ndani kwa pamoja. Volti 19.5 zikipita kwenye sindano zinaweza kuua kile kichipu cha utambulisho, na hapo hata chaja halisi ya Dell itageuka "isiyojulikana".

Waya Mwekundu: Hilo la sindano nimelisahau, asante. Na hiyo ya swichi iache kabisa. Mtoto akiisogeza hadi 24 ikiwa imechomekwa, mazabodi (bodi kuu ya mashine) ndiyo italipa.

pangaboi_mbovu: Nimeingia BIOS: adapta haijulikani. Betri iko 34% haisogei. Vipi chaja ya simu ya USB-C?

fundi_wa_usiku: Kwanza uwe na tundu la USB-C linalopokea umeme. Inspiron nyingi hazina, au lipo la data tu. Angalia maelezo ya modeli yako, usikisie. Likiwepo, nunua chaja ya Power Delivery (mfumo wa USB-C ambao chaja na mashine hukubaliana volti) ya wati 65 yenye kutoa volti 20. Ya simu ya wati 18 kwa kawaida huishia volti 9 au 12. Waya nao una kikomo: wa kawaida ni ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kwa 65 tafuta wa ampea 5.
Kama tundu halipo, nunua ya Dell 19.5V 3.34A yenye kichwa hichohicho chembamba. Ijaribie palepale dukani kwa F2 kabla hujatoa hela, maana za bandia nyingi zina volti sahihi na sindano isiyosema kitu.

pangaboi_mbovu: Na hii ya HP, kwa leo tu?

fundi_wa_usiku: Kuandika na kusoma, sawa. Ila umeme ukikatika una hiyo 34% tu, kwa hiyo hifadhi kazi mara kwa mara.