Kwa nini usugu dhidi ya bismuthi ni nadra, na je, misombo yake yaweza kutibu zaidi ya vidonda vya tumbo?

Mfamasia Mtarajiwa
Wanajukwaa, nawasalimu. Nasomea famasia, na tumefundishwa tiba ya dawa nne kwa wagonjwa wenye Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo: omeprazoli, tetrasaiklini, metronidazoli na chumvi ya bismuthi (aina ya metali), kwa siku 10 hadi 14. Bakteria huyu amekwisha kuwa sugu kwa metronidazoli na klarithromaisini katika sehemu nyingi za dunia, lakini usugu dhidi ya bismuthi hausikiki. Sababu ni nini? Na ikiwa ni hivyo, mbona hatuitumii kutibu maambukizi ya damu au ya mapafu?

Mkemia wa Pwani
Ndugu Mtarajiwa, viuavijasumu vingi hulenga sehemu moja ya bakteria, kwa hiyo badiliko dogo la jeni laweza kutosha kuikwepesha dawa. Bismuthi haifanyi kazi hivyo. Ioni yake, yaani atomi yenye chaji ya umeme, huvutwa sana na salfa, hivyo hujishikiza kwenye protini nyingi kwa mpigo, ikiwemo urease, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) ambacho H. pylori hukitumia kutengeneza amonia ya kujikinga na asidi ya tumbo, na zaidi ya hapo huvuruga namna bakteria anavyojipatia madini ya chuma. Ni vigumu kwa kiumbe kubadilisha yote hayo kwa wakati mmoja.

Jibu la swali lako la pili limo katika ufyonzwaji wake. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni chini ya asilimia 1 ya kile mgonjwa anachomeza. Tumboni hilo si tatizo, maana dawa inamkuta bakteria papo hapo, ila kwa mapafu au damu dawa haifiki. Inayobaki hukutana na gesi ya salfidi ya hidrojeni utumboni na kufanya choo kuwa cheusi tititi, wakati mwingine hata ulimi. Tafadhali mwambieni mgonjwa mapema, kwa sababu wengi hudhani wanatokwa damu tumboni na kuacha dawa katikati ya tiba.

Dkt. wa Maabara
Naongezea jambo ambalo kwangu ndilo lenye matumaini makubwa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, wakiongozwa na Hongzhe Sun, walionyesha kwamba dawa za bismuthi ambazo tayari hutumika kwa vidonda vya tumbo huzima NDM-1, kimeng'enya cha bakteria sugu kinachovunjavunja meropenemu, kiuavijasumu cha maambukizi makali, na dawa za jamii yake. NDM-1 hutegemea ioni mbili za zinki. Ioni moja ya bismuthi huingia mahali pa ioni hizo za zinki na kuzing'oa. Bakteria aliyekuwa sugu akaanza tena kudhurika na meropenemu, na panya walioambukizwa waliishi muda mrefu zaidi walipopewa dawa zote mbili pamoja. Hapa bismuthi haiui bakteria yenyewe, bali inailinda dawa iliyopo isivunjwe. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwani bakteria aina ya Klebsiella wenye NDM-1 waliripotiwa Kenya mwaka 2011.

Mfamasia Mtarajiwa
Nashukuru sana. Basi kwa nini isichomwe sindano, ikiwa shida ni kufyonzwa?

Mzee wa Famasia
Mwanangu, ilichomwa. Kuanzia mwaka 1921 bismuthi ilitibu kaswende kwa sindano, hadi penisilini ilipochukua nafasi yake. Wagonjwa wengine walidhurika figo na kupata mstari mweusi kwenye fizi. Kisha katika miaka ya 1970, nchini Ufaransa, mamia ya watu waliomeza chumvi za bismuthi kwa muda mrefu walipatwa na ugonjwa wa ubongo: kuchanganyikiwa, kushtukashtuka kwa misuli, kushindwa kutembea. Wengi walipona walipoiacha, lakini wengine walifariki. Kwa hiyo kozi fupi ya wiki mbili ni salama kwa watu wengi, ila kuijaza kwenye damu ni jambo jingine kabisa.

Mimi naona njia ya karibu zaidi ni kuipeleka pale penye bakteria. Misombo ya bismuthi na thioli (kemikali zenye salfa), ambayo hupenya utando ambao bakteria hujifunika nao, imekwisha kujaribiwa kwa binadamu kwa kupakwa kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Kama unatafuta mada ya utafiti, anzia hapo, na pima kiasi cha bismuthi kwenye damu tangu jaribio la kwanza.