Naomba ushauri: binti yangu ana miaka 17, nimtoze kodi ya chumba kiasi gani ili ayajue maisha?

Mzee_Walukuba (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mzazi, naishi Walukuba hapa Jinja, Uganda. Nina binti wa miaka 17, amemaliza S4 (kidato cha nne) mwaka jana, matokeo yametoka na amefaulu vizuri, sasa yuko nyumbani anasubiri kuingia S5. Shuleni wamemfundisha mengi, ila hili la pesa na kujitegemea naona wameliruka. Nataka siku akitoka kwangu awe anajua kwamba umeme haujilipi, maji hayajilipi na chumba hakikaliwi bure. Kwa hiyo nimeona nimtoze kodi.

Sitaki kumuumiza, nataka ajifunze tu. Kwa mtoto wa umri huo, shilingi 30,000 kwa mwezi ni nyingi au zinatosha? Usingizi hauji vizuri siku hizi kwa sababu ya jambo hili, nyumba imekuwa kimya sana. Naomba mawazo, matusi sitaki.

Kikomando_Kamili
30,000 Jinja mjini? Choo ndani au nje? Kama binti hakitaki hicho chumba, mimi nahamia kesho.

MamaShamsa
Kaka yangu, kodi unamtoza mtoto wa kumzaa mwenyewe? Haya.

Mimi wangu watatu nimewafundishia sokoni. Likizo ikianza mmoja anakabidhiwa elfu hamsini, chakula cha wiki, watu sita, nenda Owino, mimi sisemi neno. Yule mkubwa mara ya kwanza alinunua kuku siku ya Jumatatu. Tukala, tukamsifu. Alhamisi jioni tulikuwa tunakunywa uji usio na sukari na baba yao amekaa hapo ananiangalia kwa jicho lile. Sikuongeza hata mia. Wiki iliyofuata mwenyewe akaja kuniambia kwamba matoke ni afadhali mkungu mzima kuliko kununua mafungu, na kwamba nyanya zinanunuliwa saa kumi na mbili jioni wakati mchuuzi anatamani kurudi kwake. Leo amepanga chumba Kireka na hajawahi kunipigia akilia njaa. Mdogo wake ndiye alinishinda, huyo hata umpe laki atarudi na viatu.

Mwalimu_Iganga
Ndugu Mzee, hatujaliruka, tumelikosea. Tangu mtaala mpya wa 2020 watoto wa kidato cha chini wanafanya miradi. Wangu walitengeneza sabuni ya maji, ikatoka nzuri, ina povu na harufu ya ndimu. Nikawauliza lita moja imewagharimu kiasi gani, darasa zima likatazama dari. Chupa walikuwa wamezichukua nyumbani, sukari guru waliyompa fundi aliyewaonyesha hawakuihesabu, na bei waliipanga kwa kumuangalia mteja usoni.

Kilichowashtua zaidi ni karatasi ya mshahara. Niliandika ubaoni milioni moja kwa mwezi, wakashangilia. Nikaanza kukata. PAYE, kodi ya mapato ya mshahara, haigusi 235,000 za mwanzo, baada ya hapo inapanda hatua kwa hatua, jumla 202,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 5 ya mfanyakazi, 50,000, na mwajiri anaongeza yake asilimia 10 ambayo hutaiona leo. Mkononi 748,000. Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kukataa. Kodi ya chumba haimfundishi hayo. Mwachie mita ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, mwezi mzima, anunue yeye, azime taa yeye, agombane na wadogo zake yeye.

Lakini kuna kitu sijaelewa. Mtoto aliyemaliza S4 juzi, hiyo 30,000 ataitoa wapi?

Mzee_Walukuba
Asante mwalimu. Ana kabiashara kake. Anapika chapati hapa barazani asubuhi na jioni, wateja ni watu wa viwandani na watoto wa shule. Kilo mbili za unga zinatoa chapati ishirini, ukifanya uvivu kukanda zinatoka kumi na nane na zinakuwa ngumu. Mafuta anapima kwa kikombe kile cha kijani, visizidi viwili. Anauza elfu moja moja. Akitoa unga, mafuta na makaa anabaki na kama elfu saba kwa kila kilo mbili, na kwa siku anakanda mara mbili, Jumamosi mara tatu. Kwa hiyo uwezo anao. Nilichouliza ni kiasi.

Dereva_Mutukula
Tatizo la vijana wa sasa ni kubeti, tusidanganyane. Mpwa wangu nilimpa nauli ya kwenda Masaka kuchukua barua ya chuo, akaishia kwenye kibanda cha kubashiri hapo hapo steji. Sheria ya 2016 inasema chini ya miaka 25 hairuhusiwi, yeye ana 19 na ndevu tatu, hakuna aliyemuuliza. Nilimkuta amekaa anatazama mpira wa nchi ambayo hata mimi sikujua kama ina ligi. Mzee, chunguza kwanza kama binti habeti.

Mzee_Walukuba
Habeti. Hana muda huo.

Sista_Bombo
Subirini jamani. Elfu kumi na nne kwa siku, tangu Desemba. Huyo mtoto anafundishwa nini ambacho hajui? Sisi huku kuna wanawake wazima kwenye nigiina, vikundi vyetu vya kuchangiana, hawawezi kukwambia faida ya mandazi yao. Mzee, hizo pesa alizochuma ziko wapi?

Mzee_Walukuba
Alikuwa anaziweka kwenye laini yangu. Yeye hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake kwa sababu hana kitambulisho. Ni kwa usalama.

Sista_Bombo
"Alikuwa."

Kikomando_Kamili
Nimevuta kiti.

Mzee_Walukuba
Dada, sikuja kuhojiwa, lakini sina cha kuficha. Mimi ni mtu wa boda. Pikipiki niliichukua kwa mkopo, unalipa kila wiki, ukiruka wiki mbili wanakuja kuibeba na hawabishi hodi. Januari nilikuwa naumwa, sikutoka. Kwenye laini kulikuwa na 860,000. Nikazitumia kuokoa pikipiki. Pikipiki ndiyo inayomlisha yeye na wadogo zake, na ndiyo iliyomlipia S1 hadi S4. Sasa mtu akisema nimeiba atakuwa hanitendei haki.

Na mkataba tayari upo, tumeandika kwenye daftari na amesaini. Kwa hiyo suala la nitoze au nisitoze limeshapita, nauliza kama kiwango ni cha haki. Kodi yenyewe hatoi mfukoni, inakatwa humo humo kwenye zile alizonikopesha.

Sista_Bombo
860,000 gawanya kwa 30,000. Karibu miezi 29. Yaani unamlipa mtoto deni lake kwa kumkodisha kitanda alicholala tangu S1, mpaka liishe, na wewe hujatoa hata mia. Halafu unaita somo la maisha!

MamaShamsa
Wallahi nimesoma mara mbili. Na mimi nimekaa hapa naeleza habari za nyanya.

Wakili_wa_Kichochoro
Mimi si wakili, nilikuwa karani mahakamani, lakini hili ni jepesi. Kwa Katiba yetu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na Sheria ya Watoto inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Malazi, mzee. Unamuuzia kitu ambacho unadaiwa umpe bure. Hilo daftari ulilomsainisha usimwonyeshe mtu mwenye tai.

Nyongeza: ulipotoa hizo 860,000 kwa wakala, ushuru wa serikali wa asilimia 0.5 kwenye kutoa ni 4,300, bado ada ya mtandao. Zimetoka kwa nani? Ziingie kwenye deni.

Hajji_Kibuli
Mnamsakama mzee wa watu bure. Sisi mshahara wa kwanza ulikwenda mkononi mwa mama ukiwa kwenye bahasha haijafunguliwa, naye anakurudishia nauli. Leo mtoto anamdai baba yake? Amekula miaka 17, mnazipigia hesabu na hizo? Watoto wa siku hizi mkiwafundisha pesa kabla ya adabu mtakuja kulipishwa maji ya kunywa kwao.

MamaShamsa
Hajji, bahasha ile ulimpa mama kwa hiari yako. Hakuingia kwenye mfuko wa suruali yako usiku.

Hajji_Kibuli
Mama yangu alikuwa na haki ya kuingia popote.

Mwalimu_Iganga
Mzee, swali moja tu. Yeye alikuwa anaweka hizo pesa kwa ajili ya nini?

Mzee_Walukuba
Vitu vya S5. Godoro, ndoo, rimu za karatasi, na nusu ya ada. Mimi nilishamwambia nusu moja yeye, nusu moja mimi. Wanaingia mwezi ujao. Ndiyo maana nasema nyumba iko kimya. Lakini fedha ya shule Mungu huleta.

Chai_ya_Rangi
Samahani wakuu, naona mnalia kabla ya kuona maiti. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, na imewekwa tangawizi.

Kwanza, mtoto ana miaka 17 eti hana laini kwa kukosa kitambulisho. NIRA, wale wa vitambulisho vya taifa, wanatoa kadi kuanzia miaka 16. Pili, baba wa boda anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi usiku. Anajuaje kwamba ukifanya uvivu kukanda unga unatoa chapati kumi na nane? Anajuaje kikombe cha mafuta ni cha kijani? Mimi mke wangu anauza sambusa mwaka wa nne, sijui hata sufuria anayotumia. Baba anajua chapati inauzwa elfu moja, basi. Anayejua "visizidi viwili" ni yule anayevipima.

Huyu siyo mzee. Ni binti mwenyewe, ameshika simu ya baba yake, anataka sisi tumhukumu halafu amwonyeshe.

Kikomando_Kamili
Weeee.

Sista_Bombo
Nimerudi kusoma kule juu. "Hana muda huo." Hilo jibu halikutoka kwa baba.

Dereva_Mutukula
Tumpime. Mzee, steji ya kwenu kubadilisha oili sasa hivi ni shilingi ngapi? Jibu haraka, usiulize mtu.

Hajji_Kibuli
Kama ni mtoto anajifanya baba yake mtandaoni, basi mmeona nilichosema kuhusu adabu.

Mzee_Walukuba
Oili inahusiana nini na uzi huu? Mimi ni mtu mzima. Kitambulisho alijiandikisha mwaka jana wakati ule wa foleni za kuhuisha kadi, bado hakijatoka. Na kikombe kiko barazani kwangu, ninakiona kila ninapotoka. Mtu hawezi kujua vitu vya nyumbani kwake?

Dereva_Mutukula
Bei ya oili bado nasubiri.

Chai_ya_Rangi
Atakwambia inategemea.

Mzee_Walukuba
Inategemea ni oili gani.

Kikomando_Kamili
😂😂😂 Nimemwaga chai, ile ya kweli.

MamaShamsa
Mnacheka, lakini nyie mnaojua watu wa boda, hebu niambieni, kama ni baba kweli na alikuwa anaumwa Januari nzima, si alikuwa amekaa hapo barazani anamtazama mwanawe akikanda? Mume wangu alipovunjika mguu, ndani ya wiki mbili alikuwa ananielekeza chumvi. Mimi siwezi kuapa upande wowote.

Mwalimu_Iganga
Na mimi sijui, na sijali sana. Nitaandika kwa wote wawili.

Kama wewe ni baba: futa hiyo kodi. Pikipiki inatembea tena, kwa hiyo kila jioni ukirudi tuma elfu kumi kabla hujaweka funguo mezani. Usizirudishe kwenye laini yako, zitaliwa tena, wiki mbaya haziishi. Shangazi yake yupo? Zipelekwe kwa shangazi. Mwezi ujao zitakuwa hazijafika 860,000, lakini godoro na ndoo vitakuwa vimepatikana. Halafu nenda kwa bursa, mhasibu wa shule, kabla ya siku ya kuripoti, usiende siku yenyewe. Mzazi aliyekuja mapema na nusu ya ada mkononi anasikilizwa. Anayekuja getini na mtoto na sanduku anarudishwa.

Kama wewe ni binti: nenda ofisi ya NIRA ya wilaya na ile karatasi uliyopewa ulipojiandikisha, uulize kadi yako imefikia wapi. Ulizia na namba yako ya kitambulisho, NIN, huenda imeshatoka hata kama plastiki haijafika. Mauzo ya kuanzia kesho yasikae kwenye simu ya mtu anayedaiwa. Na ukurasa ule wa daftari wenye mkataba, ugeuze, nyuma yake andika 860,000 na tarehe, mtie saini wote wawili mbele ya huyo shangazi.

Wakili_wa_Kichochoro
Na 4,300.

Mwalimu_Iganga
Na 4,300, sawa.

Sista_Bombo
Mwalimu, elfu kumi kila siku kwa mtu mwenye mkopo wa kila wiki ni ndoto. Sema elfu tano na Jumapili apumzike. Ahadi ndogo inayotimia.

Dereva_Mutukula
Elfu tano anaiweza. Hiyo ni abiria wawili wa asubuhi. Nasema kama mtu anayejua bei ya oili.

Mzee_Walukuba
Nimesoma yote. Elfu tano naona inawezekana. Shangazi yupo, anakaa Bugembe, ni mkali lakini hali pesa ya mtu. Na akikataa?

Chai_ya_Rangi
Nani akikataa, mkuu?

Mzee_Walukuba
Mtoto. Nimemaanisha mtoto akikataa.

Chai_ya_Rangi
Mtoto akatae kulipwa?